Minazi Iliyokatwa kwa Nia

Pwani ya kusini, mwenye ardhi huwa mtu mmoja na mwenye mnazi akawa mwingine, na wote wawili wakaishi miaka mingi bila kugombana. Kwa hiyo wazee wa Mchangani, kijiji kilicho nje kidogo ya Msambweni, walipotoa kipande cha ardhi kiwe wakfu wa shule ya msingi, hawakuona ajabu yoyote kuitoa ardhi na kuibakiza minazi iliyoota juu yake. Ardhi ikawa ya watoto. Minazi ikabaki ya wenyewe. Watoto walisoma darasani, na saa ya mazoezi ilipofika walitoka nje kucheza katikati ya mali za watu.

Ukaja uhuru, na serikali mpya ikataka watoto wa shule za msingi wafundishwe michezo na mazoezi ya mwili kama wanavyofundishwa hesabu. Shule ya Mchangani nayo ikapata fungu lake: la kununua mpira na kamba na fito za kurukia, la kusawazisha uwanja, na zaidi ya yote la kuwalipa fidia wenye minazi ili minazi ikatwe. Fungu hilo lilipitia mikononi mwa Mzee Waziri Matano, mwenyekiti wa kamati ya shule, na hakuna aliyeitilia shaka mikono hiyo. Mzee Waziri ndiye aliyekuwa akiwekewa amana na watu waliosafiri. Mke na mume wakigombana, ndugu wakivutana juu ya urithi, wote walikwenda barazani kwake, na alilolisema yeye ndilo lililofuatwa.

Hata senti moja haikuibiwa, na hilo nalisema mapema ili mtu asije akangoja mwizi asiyekuwapo. Mpira ulinunuliwa. Kamba ilinunuliwa. Kila mwenye mnazi alipewa fidia yake mkononi, mbele ya mashahidi, na Mzee Waziri naye akajipa yake, maana minazi iliyosimama katikati kabisa ya uwanja, mirefu, yenye kuzaa mpaka majirani wakaingiwa na kijicho, ilikuwa yake. Kilichokosekana ni mashoka tu.

"Nazi zimekaribia kukomaa," alisema Mzee Waziri. "Tuziangueni hizi kwanza, kisha tukate."

Wenzake waliona amesema la maana. Nazi zikaanguliwa, zikapasuliwa, mbata ikaanikwa juani ikakauka, ikauzwa. Ulipofika wakati wa kukata, Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, na ni nani mwenye akili timamu atakayekata mnazi wakati kila chungu kinataka tui? Baada ya Ramadhani kulikuwa na harusi. Baada ya harusi minazi ilikuwa imezaa tena. Wenye minazi walimtazama Mzee Waziri, naye akawatazama wao, na nyuso zao zikaambiana kwamba kuchelewa kidogo hakuna ubaya. Basi wakawa wamekula fidia na wanaendelea kula nazi.

Wilaya ilipouliza kazi imefikia wapi, Mzee Waziri alitia sahihi kwamba uwanja umekwisha kusafishwa. Hakujiona mwongo hata kidogo. Alijiambia kwamba nia yake ya kukata ilikuwa safi, na mnazi uliokwisha kukatwa kwa nia ni sawa na mnazi ulioanguka, umebakiwa na kazi ya shoka tu. Hivyo ndivyo mtu mwema anavyojidanganya, taratibu, kwa adabu zote, tasbihi ikiwa mkononi. Mwizi angalau usiku hukosa usingizi. Mzee Waziri alilala vizuri mwaka huo na mwaka uliofuata.

Watoto hawakulalamika. Waliujua ule uwanja hivyo hivyo tangu siku ya kwanza. Wavulana walipiga mpira wakauhesabu mnazi kuwa beki wa timu isiyokuwa na bahati siku hiyo, na wasichana walikimbizana wakipenya huku na kule bila hata kutazama. Aliyewashinda wote kwa mbio alikuwa Khamisa, mjukuu wa Mzee Waziri.

Mama yake Khamisa aliolewa huko Vanga, akamwacha mtoto alelewe na babu na bibi. Bibi yake, Mwanarusi, alinung'unika sana alipomwona mtoto wa kike anakimbia hadharani, lakini Mzee Waziri alikata shauri mwenyewe: gauni lake refu, kichwa amejifunga, mwacheni akimbie. Na ukweli ni kwamba alipenda kumtazama. Alikuwa akipita karibu na shule kwa kisingizio cha kwenda dukani, akasimama kidogo, akamwona anavyoteleza kati ya minazi yake bila kugusa gome, kisha akaendelea na safari yake huku akitabasamu peke yake.

Khamisa hakuwahi kufika mbali kuliko hospitali ya Msambweni, alikokwenda kushonwa kidole. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, kuchaguliwa kwenda Kwale kwenye mashindano ya shule za wilaya. Alikitaja akichota maji, alikitaja akikuna nazi, na bibi yake alidai kwamba hata usingizini alikuwa akikitaja.

Basi Jumatatu moja Mwalimu Athmani, mwalimu mkuu wa shule, kijana wa Waa aliyekuwa hajamaliza hata miezi sita pale Mchangani, alifika barazani uso umemsawijika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Kwema?"

"Kwema, lakini nina habari. Alhamisi anakuja afisa wa michezo wa wilaya. Anataka kuuona uwanja uliolipiwa na serikali, na hapo hapo achague watoto watakaokwenda kukimbia Kwale."

Barazani walikuwapo wazee wengine wa kamati. Kila mmoja alikuwa na mnazi wake pale uwanjani. Wa kwanza kusema alikuwa Haji Abdalla, mwenye duka, mtu asiyekosa njia ya kutokea.

"Huyo afisa ni mtu wa wapi?"

"Sijui. Nasikia ni mgeni kazini."

"Basi ni wa bara," alisema Haji, akashusha pumzi. "Mtu wa bara hajui mnazi uliokatwa juzi na uliokatwa mwaka juzi. Tukate leo na kesho, tufukie visiki, tumwage mchanga juu. Atakuta uwanja mweupe."

Mwalimu Athmani aliinama, akasema polepole kwamba yeye angeona vyema wamweleze afisa kweli, waombe muda. Mzee Waziri alimtazama kwa ukali ambao mwalimu hakuwahi kuuona kwake.

"Sahihi iliyoko Kwale ni ya nani?"

"Ni yako, mzee."

"Basi kweli hiyo si yako kuisema."

Kijiji kizima kikaingia kazini. Minazi iliyokuwa imesubiri miaka miwili haikupewa hata siku mbili. Shoka lilianzia pembezoni, na Mzee Waziri alisimama kutazama yake ikianguka ya mwisho. Iligonga chini kwa kishindo, madafu yakatawanyika, watoto wakayarukia, wakanywa mpaka matumbo yakawauma. Magogo yaliburutwa kichakani. Wanaume walichimba kuzunguka visiki wakavikata usawa wa ardhi, wanawake wakabeba mchanga kwa mapakacha kutoka pwani, na walimu wakawatoa watoto darasani wasaidie kuutandaza. Siku hizo ndipo kazi ya uwanja wa Mchangani ilipofanywa kwa bidii iliyostahili tangu mwanzo, na ilifanywa kwa ajili ya kuficha.

Jumatano, baada ya alasiri, Mzee Waziri alimwita Khamisa ukumbini. Mtoto alikuja na mchanga bado miguuni, amechangamka, maana kwake yeye neno Alhamisi lilikuwa na maana moja tu.

"Kesho afisa akikuuliza habari ya minazi, mwambie ilikatwa zamani."

Khamisa alifikiri kidogo. "Zamani ni lini, babu?"

"Zamani ni zamani."

"Lakini tumeikata jana."

Mzee Waziri alikuwa ndiye aliyemfundisha mtoto huyo kusoma Kurani, akamfundisha na dhambi za ulimi, moja baada ya moja, ukumbini hapo hapo. Akaona haya, na haya hiyo badala ya kumnyamazisha ikampa maneno.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Huu si uongo. Uongo ni wa kumdhuru mtu. Hii ni sitara. Mtu akisitiri aibu ya wazee wake, Mungu naye humsitiri. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu, babu."

Aliitikia mara moja, macho chini, kama alivyolelewa. Mzee Waziri akamshika kichwa akamwombea dua ashinde.

Alhamisi afisa alikuja kwa Land Rover ya serikali. Alishuka mtu mfupi, mweusi tii, mwenye shati jeupe na kaptula iliyopigwa pasi, akawaendea wazee mmoja mmoja akiwapa shikamoo kwa mikono miwili.

"Mimi naitwa Jefwa," alisema. "Kwetu Kaloleni. Nimefurahi kufika, maana huko ofisini nilikuwa nimeanza kusahau harufu ya makuti."

Haji Abdalla alikuwa ameinua kikombe cha chai, na chai ikampalia. Mtu wa Kaloleni! Mtu aliyezaliwa chini ya mnazi, akalishwa kwa mnazi, akaezekewa kwa mnazi. Wazee walitazamana, lakini wakati wa kila kitu ulikuwa umekwisha kupita isipokuwa wa kujikaza. Wakamkaribisha mkate wa sinia, wakajitia hamnazo.

Bwana Jefwa alikula, akashukuru, akaingia uwanjani. Alitembea taratibu. Mchanga ulikuwa mweupe, umesawazika, unapendeza. Alipofika katikati alisimama akauliza bila kugeuka:

"Minazi ya hapa ilikatwa lini, mzee?"

"Zamani, bwana," alijibu Mzee Waziri.

Afisa aliwageukia watoto waliopangwa mstari. Khamisa alikuwa mbele, kiranja wa wasichana. "Ati ilikatwa lini?"

"Zamani, bwana," alisema Khamisa. Sauti yake ilikuwa safi, haikutetemeka, na Mzee Waziri alishukuru moyoni. Baadaye alikuja kuichukia shukrani hiyo kuliko jambo jingine lolote alilolifanya wiki ile.

Mbio zikaanza na wasichana. Mwalimu Athmani alipiga firimbi, na Khamisa akachomoka, gauni amelikunja mkononi, wenzake nyuma yake. Wazee waliona amewaacha mbali tangu hatua za mwanzo, wakataka kushangilia. Kisha wakaona.

Alipokaribia katikati ya uwanja, mahali palipokuwa peupe hapana hata jani, Khamisa aliinamisha bega akapinda kushoto. Akanyoosha tena. Akapinda kulia. Na wasichana waliomfuata wakagawanyika pale pale, hawa huku na hawa kule, wakapita, wakakutana tena mbele, kama watu wanavyomkwepa mtu aliyesujudu njiani. Hakuna aliyewaagiza. Hawakujua wenyewe kwamba wanafanya. Miguu ilikuwa imejifunza uwanja kwa miaka, na siku mbili hazikutosha kuifundisha mwingine.

Mzee Waziri aliwatazama wakipita. Pale alipopindia kushoto ulikuwapo ule mrefu. Pale alipopindia kulia ulikuwapo ule ulioinama, aliourithi kwa mama yake. Mjukuu wake aliizunguka mmoja mmoja, akamwonyesha babu yake na kila aliyekuwa na macho mahali ilipokuwa. Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze.

Khamisa alifika wa kwanza kwenye kamba ya kumalizia mbio, akageuka akiwa anacheka. Hakuona mtu anayecheka naye.

Bwana Jefwa alimwendea. Hakuwa na hasira. Aliinama kidogo wapate kutazamana.

"Umekimbia vizuri sana. Lakini mbona unapinda, na njia ni nyeupe?"

Khamisa alitazama nyuma, kwenye nyayo zake mchangani. Ndipo alipoziona. Akaziona zinavyozunguka pasipo na kitu, na uso wake ukabadilika. Alimtafuta babu yake kwa macho, akampata, akamtazama kwa muda. Mzee Waziri alijua anachongojewa kukisema. Neno lilikuwa ulimini. Lakini Haji Abdalla alimkanyaga mguu, na wazee wote walikuwa wamesimama naye bega kwa bega, na heshima ya umri mzima ilikuwa imemzuia. Akainamisha macho.

"Mimi sijui kukimbia, bwana," alisema Khamisa.

Watoto wenzake waliguna kwa mshangao. Bwana Jefwa alingoja. Aliwatazama wazee, akawapa nafasi, akangoja tena.

"Haya," alisema. "Asiyejua kukimbia hatuwezi kumpeleka Kwale." Akaanza kurudi kwenye gari lake.

Khamisa hakulia. Alisimama pale kwenye kamba, amekunja vidole vya miguu mchangani, akimsitiri babu yake kama alivyofundishwa. Mzee Waziri alipomwona vile, kitu fulani ndani yake hakikuvumilia tena. Alitoka mstarini. Alikwenda hadi katikati ya uwanja, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, akaanza kufukua mchanga kwa mikono. Kisiki kilitokea, kibichi, bado kinatoa maji.

"Huu ulikuwa wangu," alisema kwa sauti kubwa. Akajikokota hadi pengine, akafukua. "Na huu wangu. Tumekata juzi, Bwana Jefwa. Fidia nililipwa miaka miwili iliyopita, nami nikatia sahihi kwamba kazi imekwisha. Mtoto huyu nimemfundisha mimi kusema uongo. Yeye anajua kukimbia. Hakuna anayejua kumzidi."

Hakuna aliyemsaidia kusimama. Aliinuka mwenyewe, mchanga umemshika mpaka ndevuni, na wazee wenzake walikuwa wameangalia upande mwingine.

Bwana Jefwa alirudi akakitazama kisiki, kisha akamtazama mzee. Alipozungumza alizungumza kwa heshima, na heshima hiyo iliuma kuliko kutukanwa.

"Mzee wangu, mimi ningeikuta minazi imesimama, ningeandika kwamba imesimama. Mngeonywa, mngepewa mwezi mmoja, na binti huyu ningemchagua leo. Shule iliyochelewa tunaivumilia. Shule iliyodanganya haipeleki mtoto Kwale mwaka huu. Amri hiyo sikuitoa mimi, lakini nitaifuata."

"Niadhibu mimi, bwana. Mtoto hana kosa."

"Najua hana," alisema Bwana Jefwa.

Gari liliondoka. Yaliyofuata ni ya kawaida: kila mwenye mnazi aliamriwa kuirudisha fidia, na Mzee Waziri akaondolewa kwenye uenyekiti kabla hajapata kujiondoa mwenyewe. Haji Abdalla alipita barazani kwake Alhamisi hiyo hiyo kumwambia kwamba amewavua nguo bure, maana afisa alikuwa tayari anaondoka zake. Baraza lake lilikuwa tupu kuanzia siku hiyo, na watu wenye magomvi wakatafuta mlango mwingine.

Lakini hayo aliyaweza. Ambalo hakuliweza lilimngoja uani, siku ile ile, jua likiwa bado juu. Khamisa alikuwa amechutama akisugua sufuria kwa majivu, kama siku zote. Mzee Waziri alisimama karibu naye kwa muda mrefu, mtu aliyezoea kuwasuluhisha wengine wakaombana msamaha, hajui yeye aanzie wapi.

"Khamisa."

"Labeka, babu."

"Nimekukosea. Nimekukosea mbele ya Mungu na mbele ya watu. Nisamehe, mjukuu wangu."

"Nimekusamehe, babu."

Alisema mara moja, macho chini, kwa sauti safi isiyotetemeka, kisha akaendelea kusugua. Mzee Waziri aliisikiliza sauti hiyo mpaka ikapotea, na akabaki amesimama pale uani, hajui kama amesamehewa au amesitiriwa tu.